Mlinzi wa gambuti za Uthiru

Jua la Uthiru, pembezoni mwa Nairobi, bado halijachomoza, na mvua imepungua ikawa manyunyu. Veronicah Awiti amechutama kando ya ua wa mabati, bintiye amelala mgongoni, anapokea gambuti, viatu virefu vya mpira, zilizojaa tope hadi shingoni.

"Sasa Mama Dalmas. Leo nimeanguka mara mbili," anasema Kaluki, mfanyakazi wa nyumbani Kileleshwa, akiegemea ua kuvaa viatu vyake vyeusi.

"Mara mbili tu? Basi hiyo njia imeanza kukupenda."

Wanacheka. Awiti anachana kipande cha kitenge: nusu anaitia ndani ya gambuti, nusu anampa Kaluki. Jioni nusu hizo zikikutana, gambuti zinarudi kwa mwenyewe.

Kwa miaka tisa hii ndiyo kazi ya mama huyu wa watoto wawili: kutunza gambuti za watu wanaopanda kutoka bondeni kwa njia ya tope kwenda kazini Westlands, Spring Valley na katikati ya jiji. Jozi moja ni shilingi ishirini, na jioni utaikuta imeoshwa.

"Hakuna mdosi anataka tope kwa zulia lake," anasema. "Mtu anafika hapa kama mkulima, anaondoka kama karani."

Alikuwa na kibanda. Leo ana turubai, nalo linavuja. Nyuma ya ua huo kunajengwa kituo kipya kitakachounganisha mabasi, treni na mabasi ya mwendo kasi. Picha yake imebandikwa palepale: vigae vinavyong'aa, ngazi za umeme, abiria wenye viatu safi.

"Hebu iangalie vizuri. Umeona tope? Hao watu wametoka wapi, mbinguni?"

Kwenye mkutano wa wananchi, wachuuzi waliahidiwa nafasi ndani ya kituo. "Nilipiga hata vigelegele," anasema Awiti. "Nikikumbuka naona haya."

Mwezi wa Aprili lori la mradi huo lilikuja adhuhuri, bila notisi. Vibanda vilibomolewa, na gambuti zote za wateja zikatupwa lorini pamoja na mabati. Awiti alilikimbiza hadi barabara kuu, mtoto mgongoni. Halikusimama.

Kilichomuuma zaidi kilikuja jioni, mvua ikinyesha. Wateja walishuka mmoja mmoja, kila mtu na nusu yake ya kitenge mkononi.

"Kuna mama alivua viatu vya ofisi, akaingia kwa tope miguu mitupu, bila neno. Afadhali angenitusi."

Wengine walimtusi. "Umeuza gambuti zetu, halafu unatulilia hapa!"

Katika kundi hilo alikuwamo Mutiso, mpimaji msaidizi wa ujenzi uo huo, anayeishi chini kabisa bondeni.

"Na zangu pia, Mama Dalmas?"

"Zako ndizo zilitangulia, ndugu yangu. Si ni nyinyi mlipima hapa? Waulize wenzako."

Watu waliangua kicheko. Mutiso alikunja suruali na kushuka bondeni na wenzake.

Tangu hapo Awiti amekuwa akinunua gambuti za mitumba, jozi baada ya jozi, kuwarudishia waliopoteza. Mwanawe Dalmas, wa kidato cha pili, yuko nyumbani muhula huu. Karo yake imevaliwa na watu wengine.

"Ananiuliza, 'Mama, kwani ni wewe uliiba?' Namwambia hapana. Lakini mteja asiponiamini, sina kazi."

Mwezi uliopita Mutiso alimpeleka kwa msimamizi wa ujenzi. Awiti aliomba pembe moja tu, chini ya ngazi.

"Aliona gambuti nilizoshika, akarudi nyuma. Akasema zitaharibu sura ya kituo."

Njia ya bondeni haimo kwenye mradi. Itabaki tope.

Ndiyo maana yeye na wateja wake wameafikiana: kituo kikifunguliwa, hakuna atakayemwachia gambuti. Kaluki ndiye aliyetoa wazo hilo. Wataingia nazo ndani, na Awiti atakosa hata hicho kidogo anachopata.

"Wapite nazo kwa hivyo vigae, wapande nazo hizo ngazi. Wiki moja tu. Wacha hao wa kituo wapige deki asubuhi, wapige deki jioni," anasema, akimbeba mtoto vizuri. "Wakichoka watauliza, yule mama wa gambuti alienda wapi? Na mimi bei yangu ni ileile: pale chini ya ngazi."