Muujiza Uliokosa Mwenyewe

Mama yangu alikuwa na hamu moja tu duniani: sista aliyemfundisha kusoma huko bara, aliyekufa zamani akiuguza wakoma, atangazwe mwenyeheri kabla yeye hajafumba macho. Mie, msomi wa shule ya jioni, ndiye niliyemfafanulia ngazi zenyewe, kwa kujiamini kama vile nimezijenga mwenyewe. Sista alikwishaitwa Mtumishi wa Mungu. Mashahidi walikwishahojiwa, na Roma iliridhika kwamba aliishi fadhila kishujaa. Ulibaki muujiza mmoja awe mwenyeheri, na baada ya hapo mwingine, ndiyo aitwe mtakatifu. Mama hakuwa mchoyo. Huo mmoja ulimtosha.

Ukaja kutokea nyumbani kwetu, Segerea. Dada yangu aliugua ugonjwa wa kichwa uliomnyang'anya miguu na kauli. Hospitali wakatuambia tumrudishe tu nyumbani. Paroko akamletea mama kikadi chenye picha ya sista na sala nyuma yake, akamwonya: "Mama, mwombeni huyu. Huyu peke yake. Mkichanganya, hatutajua nani kawaombea."

Mama akaitikia, akaanza novena, sala ya siku tisa.

Sasa uswahilini kwetu mgonjwa akilala ndani, nani anakaa kwake? Jumuiya yetu ya kanisa ilijaa sebuleni mpaka mijusi ikahama ukutani. Kila aliyeingia alikuja na mtakatifu wake kama anavyokuja na sukari. Mwenyekiti wa jumuiya alileta yule mtakatifu wa mambo yaliyoshindikana. Shangazi alileta maji ya hija, akamnyunyizia dada hadi godoro likaanikwa. Jirani yetu, bibi wa Kizaramo, Muislamu, aliita wenziwe wakasoma dua na ubwabwa ukapikwa. Mama alikuwa akisimama mlangoni anataka kusema neno, kisha anasema, "Karibuni, karibuni ndani."

Siku novena ilipokwisha, dada aliomba chai. Wiki haikuisha akawa anafua. Madaktari walimpiga picha nyingine ya kichwa, wakaigeuza huku na huku, wakasema hawana maelezo. Habari ilikwisha kufika Temeke kabla chai ile haijapoa.

Akatumwa padri wa kuchunguza, mtu mpole. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka.

"Mlimwomba nani?" padri akauliza.

"Sista wetu, Baba," mama akasema.

Mwenyekiti akadakia kwa fahari: "Na wengine, Baba! Hatukumbakiza mtu. Tulipiga hodi mbingu nzima!"

"Na sie tulisoma dua, Padri," bibi jirani akasema. "Usituache kutuandika."

"Wee bibi, uandikwe Roma wewe?" mwenyekiti akamkatiza.

"Kwani ubwabwa wangu si uliula, tena ukaomba ukoko?"

Tukacheka sote. Padri naye alicheka, kisha akafunika kalamu yake. Akatueleza taratibu, kama mtu anayeleta habari ya msiba: dada amepona kweli, Mungu ashukuriwe, lakini uponyaji huu hauwezi kupelekwa kwa jina la sista, maana walioombwa ni wengi mno.

"Sasa Baba, tumfukuze mtu aliyekuja kuomba?" mwenyekiti akauliza, sauti imemshuka.

Padri akakunja karatasi zake. Mama akainuka kumtengea chakula.

Jioni nilimkuta mama uani, anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Ningewaambia tu," akasema. "Neno moja, pale mlangoni."

"Wangenuna, mama."

"Wangenuna. Halafu wangerudi."

Mama tulimzika masika yaliyopita. Sista bado anasubiri muujiza. Tulipotoka makaburini, dada alinishika mkono, anatembea kwa hatua ndefu kunishinda mie, akaniambia polepole, "Bora angeponywa mtu mwingine, braza. Mtu asiyekuwa na majirani."