Macho ya Uzi

"Shoga, huyo ni sungura au punda?"

Jirani aliuliza hivyo miaka sita iliyopita, amesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani. Aliyeulizwa ni mama mmoja mjane, siku hiyo akimshonea mjukuu wake mwanasesere wa kwanza.

"Ni sungura," alijibu. "Masikio yamerefuka kwa kusikiliza umbea wako."

Leo hakuna anayeuliza. Mtaa mzima unamwita Fundi Tembo.

Saa tatu asubuhi yuko mkekani, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kufuata mwanga wa dirisha. Amesali, amefagia, ameanza. Mbele yake kuna vipande vya felti ya kijivu, kitambaa kizito ambacho ukikikata hakitoi nyuzi. Anaunganisha pande mbili za tembo, anazipiga bandi kwa uzi mweupe zisihame, kisha anazungusha mshono ukingoni kwa mkono. Matundu ya sindano hayaachani zaidi ya punje ya mchele.

"Cherehani ninayo," anasema bila kuinua uso. "Lakini cherehani inapenda mbio, na mkonga una kona."

Tumboni huacha nafasi ya vidole viwili ya kupitishia sufi. Miguu hushindiliwa kwanza, kwa kitako cha penseli.

"Ukianza na tumbo, tembo hasimami. Analala chali kama mlevi."

Kwa siku hutoa watatu. Siku ya ibada hagusi sindano. Siku kumi za kazi zimempa tembo thelathini, oda ya shule ya chekechea, kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Wakipokelewa hawa, shule itaagiza wengine mia mbili, naye atakodi chumba kinachotazama barabara na kuwaingiza kazini wajane wawili wa jirani.

"Nimeshawaambia wakate kucha," anacheka. "Mungu akifungua mlango, asitukute tunatafuta mkasi."

Kabla ya adhuhuri anaingia mwalimu mkuu wa chekechea. Anageuza tembo mmoja mmoja, anavuta masikio, anaridhika. Kisha anatoa mfuko wa vifungo vyeusi.

"Mama, kazi safi. Ila macho ya uzi yamepooza. Watoto wanapenda kinachong'aa. Weka vifungo, nitawafuata Ijumaa."

"Mwanangu, kifungo ni cha shati."

"Mbona wenzako wanaweka?"

"Wenzangu hawajamtoa mjukuu kifungo kooni kwa kidole hiki."

"Basi hukukaza, mama. Kikikazwa hakitoki. Na bila vifungo sitawachukua."

Fundi hanuni. Anachukua kifungo kimoja, anakishona kwenye uso wa tembo hapo hapo, uzi mara kumi na mbili, mafundo matatu. Anampa mwalimu avute. Anavuta. Kifungo hakitikisiki.

"Si unaona!"

"Nimeona mtu mzima akivuta kwa vidole. Mtoto anatafuna. Haya, tafuna."

"Mimi?"

"Kwani hapa kuna nani mwingine mwenye meno mazima?"

Mwalimu anacheka, anatupia jicho mlangoni kama kuna anayemwona, kisha anauma. Anatikisa kichwa kama mtoto anayeota meno. Mara ya kwanza, ya pili. Mara ya tatu kicheko kinakatika. Uzi umestahimili, felti ndiyo imechanika. Tembo amebaki mkononi, kifungo kiko juu ya ulimi.

Anakitema kiganjani.

Anakirudisha mfukoni kwa wenzake, anaufunga mfuko, anautia kwenye mkoba. Halafu anainama na kuanza kuwapanga tembo wa macho ya uzi ndani ya gunia, ishirini na tisa, kila mmoja miguu chini.

Fundi anamshikia pazia la mlango. Mwalimu analitupa gunia begani na kutoka.