Siku Afisa Kazi Alipouliza Mara Tatu

Kazini wananiita redio. Mimi ni karani wa kituo cha afya huku Hanang, na ukweli ni kwamba sinyamazi. Mgonjwa akiruka foleni nitasema, dereva akiegesha gari mlangoni nitasema, hata daktari akichelewa nitamuuliza kama kwao jua limechelewa kuchomoza. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka juzi nilinyamaza siku moja, na kunyamaza kwangu kukamtoa mtoto wa watu shuleni, wenzangu watacheka wakidhani natania. Sitanii.

Zamani wafanya usafi wetu walilipwa na halmashauri. Baadaye usafi ukapewa kampuni kwa mkataba. Wanawake walewale, ndoo zilezile, mshahara ukashuka. Nakala ya mkataba ilikaa kabatini kwangu, imeandikwa wazi kabisa kwamba hakuna atakayelipwa chini ya kima cha chini cha serikali. Wao walikuwa wanasaini kiasi hicho na kupokea pungufu. Nilijua. Kila mwisho wa mwezi mimi ndiye niliyejaza fomu ya kusema kampuni imetimiza masharti, kisha mkubwa wangu anagonga muhuri.

Kampuni haikuleta msimamizi kutoka mjini. Ilimchukua mzee mmoja wa hapahapa, Mdatoga, mtu wa heshima zake. Na katika wafanya usafi watatu alikuwepo mama mmoja aliyeolewa na mtoto wa mdogo wa huyo mzee, kwa hiyo kimila yule mzee ni baba mkwe wake. Sisi ni Wairaqw, lakini mimi nimekulia Dirma, mlango kwa mlango na Wadatoga, kwa hiyo haya mambo nayajua. Mwanamke wao hataji jina la baba mkwe wake, sembuse kumshtaki akiwa amekaa mbele yake. Si woga. Ni adabu, na wanaishika kweli.

Yule mama tulielewana sana. Binti yake alikuwa kidato cha pili, anakaa hosteli kwa sababu nyumbani kwao bondeni ni mbali mno na shule.

"Dada," aliniambia asubuhi moja akikamua tambara la deki, "wakinilipa ile ya kwenye karatasi, mtoto anamaliza. Wasiponilipa, sijui."

Siku chache baadaye afisa kazi akaja kukagua mishahara. Kijana mpole, mgeni wa huku. Akawaita wote kwenye chumba cha chanjo, na msimamizi naye akaambiwa akae. Mimi niliitwa nipeleke faili. Wawili wa kwanza walijibu harakaharaka kwamba wanalipwa vizuri, huku wanaangalia viatu vya mzee. Zamu ikafika kwa yule mama.

"Mama, nani anakulipa hapa, na anakupa shilingi ngapi?"

Akavuta shuka lake akafunika mdomo. Afisa akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, polepole, kama anaongea na mtoto. Mama akainua macho akaniangalia mimi. Hakumwangalia mwingine.

"Hasikii Kiswahili?" afisa akaniuliza.

Maneno machache tu yalitosha: yule mzee ni mkwe wake, mtoe nje kwanza. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini faili lilikuwa mkononi mwangu, na kila fomu iliyokuwa ndani ilikuwa na mwandiko wangu. Niliogopa, nisidanganye. Niliogopa kibarua changu kuota nyasi.

"Anasikia," nikasema. "Ana haya tu na wageni."

Afisa akaandika kwamba hakuna malalamiko. Mzee akamshukuru, halafu akanishukuru na mimi.

Muhula uliofuata binti akarudi nyumbani na godoro lake. Mkataba wa kampuni ukaongezwa, na ile taarifa ya afisa ndiyo iliyowasaidia. Nilianza kugombana na kila mtu, hata na mume wangu kwa sababu ya chumvi, mpaka akaniuliza nina nini. Mwishowe nikafunga kilo mbili za sukari, nikashuka bondeni Jumapili baada ya ibada.

Alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniumiza. Akanipa maziwa kwenye kibuyu. Binti alikuwa nje na ndama. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia bila kumtazama. Nikamwambia mama nimekuja kuomba msamaha. Nikaeleza yote, faili, fomu, na hofu yangu. Aliniacha nimalize, jambo ambalo watu hawanifanyii mara nyingi.

"Dada, mimi nimekatazwa kumsema," akasema. "Ndiyo maana nilikuangalia wewe. Wewe nani alikukataza?"

Mimi redio nikainua kibuyu. Nikanywa maziwa yangu.