Upande wa Pili wa Bawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na mkasi wangu mwenyewe ndani ya mkoba. Ofisi ya ajira ilikuwa imeniambia kwamba kuna karakana huko St Marys, viungani mwa Sydney, nyuma ya maduka ya vipuri, inayotafuta mwanamke anayejua kushona. Nilidhani ni viti vya magari. Nilikuwa nimeshona sare za shule katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kabla ya vita kutufukuza nilishona magauni ya harusi kule kwetu Uvira, Kongo. Kiti cha gari kingenishinda nini? Mlango ulipofunguliwa niliona tumbo la mashua, kubwa kuliko kanisa letu la kambini, na mashua hiyo ilikuwa na mabawa.

Msimamizi wa Karakana alikuwa mzee mrefu wa Kiaustralia, mtu wa kaptula hata wakati wa baridi. Aliniuliza kitu kirefu kwa haraka, nami nikajibu "yes" kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu. Baadaye nikaja kujua alikuwa ameniuliza kama naogopa kupanda ngazi ndefu. Akacheka, akanipeleka kwa Mkuu wa Kitengo cha Vitambaa.

Huyo ndiye Bi Noreen. Mwanamke mfupi, mvi zimekatwa kama za mwanamume, tepu ya kupimia shingoni. Alichukua mikono yangu yote miwili, akaigeuza, akatazama vidole. Kisha akanipa sindano ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kifundo.

"Unajua kushona nguo, Feza," akasema polepole ili nielewe. "Sasa utajifunza kushona upepo."

Ninyi vijana mnaopanda ndege za chuma tupu huenda hamjui kwamba ndege za zamani zilivaa nguo. Mbao au chuma chepesi kilitengeneza mifupa, na vipande vinavyopita toka mbele hadi nyuma ya bawa tuliviita mbavu. Juu ya mbavu tulitandika kitani. Kitani kile kilipakwa dopu, rangi maalumu inayokikaza mpaka ukikigonga kwa ukucha kinalia kama ngoma. Lakini kabla ya dopu, kitambaa lazima kishonwe kwenye kila ubavu, la sivyo ndege ikiwa angani hewa inakiinua na kukichana.

Kazi hiyo ilihitaji watu wawili. Bawa husimamishwa kama ukuta. Mmoja anakaa upande huu, mwingine upande ule. Wa kwanza anapenyeza sindano karibu na ubavu, wa pili anaipokea, anairudisha upande mwingine wa ubavu huo huo, kisha fundo linafungwa kwa uzi uliopakwa nta. Hamwonani. Mnasikizana tu. Kwa hiyo Kiingereza nilijifunza kupitia bawa. Bi Noreen alitaja vitu vya jikoni kwake, majina ya majirani, magonjwa ya mbwa wake, nami nikirudia. Yeye naye alijifunza "pole", "bado" na "vuta". Neno "vuta" alilipenda kuliko yote, akawa analitumia hata kwa Msimamizi.

Baadaye nilihamishiwa kwa muda Kitengo cha Mwili, kwa kuwa mimi ni mfupi na pua ya ile mashua ilikuwa nyembamba. Mkuu wa kitengo hicho alikuwa Mvietnamu mmoja mkimya. Yeye alipiga ribiti, vile vipini vya kuunganisha mabati, kwa nje, nami ndani nilishikilia pande la chuma ili ncha ya ribiti isambae. Masikio yaliziba mpaka Jumapili. Siku moja nilimuuliza kwa nini chini ya mashua ile kuna kidato, kama ngazi moja iliyopinduliwa. Akanieleza kwamba maji hushikilia kitu laini na hayataki kukiachia. Kidato huingiza hewa kati ya maji na tumbo, ndipo ndege inapata kunyanyuka. Huyo bwana alisema mara chache, lakini alichosema sikukisahau.

Niliporudi kwa Bi Noreen, karakana ilikuwa imepata kazi kubwa. Jumba moja la makumbusho la ng'ambo liliagiza ndege mbili kwa nusu ya ukubwa wake, moja imekaa mgongoni mwa nyingine.

Aliyenifafanulia ni Injinia Odhiambo, Mkenya wa Kisumu, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua na kutia saini. Tulikula pamoja mchana, yeye na ugali wake, mimi na sombe yangu, kisamvu cha kwetu.

"Unaona, Mama Neema," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu, "kabla ya ile vita kubwa ya pili, shida ilikuwa mafuta. Ndege ikijazwa mafuta ya kuvuka bahari, inakuwa nzito hata haiwezi kutoka majini. Lakini ikishafika juu, inaweza kuubeba uzito huo bila shida. Kupaa ndiyo kazi."

"Sasa wakafanyaje?"

"Wakachukua mashua ya kuruka, kubwa, nyepesi, haina mzigo. Juu ya mgongo wake wakafunga ndege ndogo yenye maboya badala ya magurudumu, imejaa mafuta na barua. Injini zote nane zinanguruma, zinapaa pamoja. Zikifika juu, makomeo yanafunguliwa, kila moja inaenda zake. Hiyo ndogo ilivuka Atlantiki. Safari nyingine ilitoka Scotland ikalivuka bara letu lote, ikatua kusini kabisa."

"Bila kusimama?"

"Bila kusimama, Mama. Na jozi yenyewe ilitengenezwa moja tu. Vita vikaja, injini zikapata nguvu, watu wakasahau."

Babu yake Odhiambo alikuwa kibarua wa kutia mafuta ndege za maji zilizokuwa zikitua Kisumu, zikienda kusini. Na hapa Sydney, mashua za kuruka ziliondoka Rose Bay kwenda Uingereza, siku nyingi njiani, abiria wakishuka kila jioni kulala hotelini. Bi Noreen alipelekwa na baba yake kuzitazama zile za mwisho akiwa msichana. Ndiyo maana alitaka mabawa ya ile ndege ndogo ya juu yawe kazi ya mikono yake.

Tulianza bawa la kushoto vizuri. Tulipofika la kulia, sindano ikaanza kutokea mahali si pake. Mwanzo kidogo tu, upana wa uzi. Kisha ikatoka mbali na ubavu, katikati ya kitambaa kitupu. Niliirudisha. Ikaja tena.

"Bi Noreen, unauona mstari?"

"Naona vizuri kuliko wewe," sauti ikajibu. "Ni huu uzi. Na taa."

Tulibadilisha uzi. Tukasogeza taa. Sindano ikapita karibu na kidole changu.

Mchana ule sikuweza kula. Nilimwambia Odhiambo nilichokiona, kisha nikaongeza haraka: "Bon, Injinia, hii ndege si ya kuruka. Ni ya kutazamwa tu na watu."

Odhiambo aliweka kijiko chini. "Na ile rudder, usukani wa mkia, iliyoko kwa rafu inangoja yeye na wewe? Ile ni ya ndege ya watalii. Inabeba watu kila wikendi."

Nilikifunika chakula changu.

"Mimi nikikuta mshono haujakaa sawa siwezi kusaini," akasema, "hata ungekuwa wa mama yangu mzazi. Lakini hilo bawa sijalikagua bado. Nitalikagua wiki ijayo. Ongea naye wewe, Mama. Asiyasikie kwangu."

Kwetu mtu mzima haambiwi jambo zito kupitia kitambaa. Nilizunguka bawa nikaenda upande wake. Bi Noreen alikuwa ameinamisha uso karibu kugusa kitani, anapapasa ubavu kwa kidole gumba. Hakunisikia mpaka nilipokaa kwenye kigoda kando yake.

"Macho yanakusumbua tangu lini?"

Nilidhani atanifokea. Alivua miwani akaifuta kwa shati, muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji.

"Tangu kabla ya Krismasi. Katikati pamefutika, Feza. Nikikutazama usoni naona masikio yako tu." Akavaa miwani tena. "Daktari anasema hapatarudi. Nikitoka hapa nitakuwa nani? Kile kizee cha kushinda dirishani, basi."

"Mimi nilitoka Uvira bila hata cherehani," nikamwambia. "Najua hiyo hofu. Lakini ile rudder..."

"Najua habari ya rudder!" Sasa alifoka. Akasimama, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga mtu.

Hakuja kesho yake, wala siku iliyofuata. Nilimpigia simu, haikupokewa. Nilikaa mbele ya bawa lile nikijiona nimemfukuza mtu aliyenifungulia mlango. Neema, aliyekuwa sekondari wakati huo, aliniambia, "Mum, you had to." Nilijua nililazimika, lakini usingizi haukuja.

Siku ya tatu Bi Noreen alirudi na tepu yake shingoni. Alipita mbele yangu moja kwa moja mpaka ofisi ya Msimamizi, akaacha mlango wazi. Nadhani alitaka sote tusikie.

"Macho yangu yamekwisha," akasema. "Mshono wa bawa la kulia ni mbaya, na ni wangu. Feza hana kosa."

Kiti cha Msimamizi kililia sakafuni. Kisha nikamsikia akisema, "Noreen, nilipoingia hapa sijui kushika brashi, ni wewe ulinifundisha. Sema unachotaka."

"Nataka kuufumua mwenyewe. Na nataka nilimalize hilo bawa."

"Rudder?"

"Mpe Feza."

Tuliufumua pamoja, fundo kwa fundo. Kisha tukabadilisha utaratibu. Nililenga sindano pande zote mbili, nikizunguka bawa kila mara, kama kuku anayetafuta kifaranga. Yeye alikaa sehemu moja akifunga mafundo. Fundo halihitaji jicho. Vidole vyake vilikuwa vimefunga mafundo hayo umri mzima, na aliyafunga kwa ulinganifu ambao mimi mpaka nastaafu sikuufikia. Kazi ya siku moja ilichukua siku kadhaa, na Msimamizi hakuuliza kitu.

Odhiambo alikuja kukagua. Alipitisha kidole kwenye kila ubavu, akivuta uzi hapa na pale, uso umekazwa. Hakuwa mtu wa kuonea huruma mshono. Mwisho akatoa kalamu, akatia saini, akamwambia Bi Noreen, "Hakuna hata fundo moja lililolegea." Bi Noreen akamwuliza kama ana hakika. Akasema, "Mama, ningekuambia."

Siku ya kupandisha, tulifungua milango yote ya karakana. Winchi iliinua ndege ndogo kutoka kwenye vigingi vyake, maboya yakaning'inia, nasi tukashika kamba za pembeni ili isizunguke. Ilishuka taratibu mno juu ya mgongo wa mashua ya kuruka. Mjumbe wa makumbusho alikuwa amevaa suti, yuko tayari kufunga komeo la mwisho mbele ya kamera. Msimamizi alimwambia kitu sikioni. Yule bwana akaitikia kwa kichwa, akasogea kando kwa heshima.

Nilimshika Bi Noreen mkono tukapanda jukwaa, ngazi moja moja. Nikaweka kiganja chake juu ya mpini. Akaupapasa, akaelewa umbo lake, kisha akasema kwa sauti ya juu mpaka mafundi wa chini wakacheka, "Vuta!" Na akavuta. Komeo liliitika kwa sauti nzito, na karakana nzima ikapiga makofi. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, pamoja na Mvietnamu wetu, aliyejifanya ana vumbi machoni.

Bi Noreen alistaafu muda mfupi baadaye, na kwa pendekezo lake nikafanywa Mkuu wa Kitengo cha Vitambaa. Niliishika kazi hiyo mpaka magoti yangu nayo yalipokataa ngazi. Niliwafundisha wengine, wakiwemo dada wawili kutoka Burundi ambao siku hizi wanasikilizana kupitia mabawa kwa Kiswahili kitupu.

Mkiniuliza kazi ilinipa nini, siwezi kusema ilinitajirisha. Naishi Macquarie Fields katika nyumba ile ile ya mwanzo. Ilinipa mahali ambapo mikono yangu ilihitajika kila asubuhi, na kwa mtu aliyefika nchi ngeni hilo si dogo. Ilinifundisha pia kwamba kumwambia mwenzako ukweli na kumwacha peke yake na ukweli huo ni mambo mawili tofauti. La pili ndilo baya.

Nilipostaafu wenzangu walinizawadia safari ya ndege ya maji, tiketi mbili. Niliifanyia ndege kazi miaka yote hiyo na sikuwahi kupanda hata moja ya maji. Neema alisema, "Mum, nitakuja," lakini mwenyewe alijua tiketi ya pili ni ya nani. Tulimfuata Bi Noreen katika nyumba ya wazee ya Quakers Hill, ambako manesi Wakenya wanamwita Shosho, yaani bibi, tukamleta mpaka Rose Bay. Rubani, msichana mdogo, alimfunga mkanda karibu na dirisha. Nilitaka kusema dirisha halimsaidii, nikafunga mkanda wangu.

Maji yalipiga chini yetu, yakapiga kwa nguvu zaidi, halafu ghafla yakanyamaza.

"Tumeondoka?" akauliza Bi Noreen.

"Tumeondoka."

"Niambie."

Nikamwambia. Paa nyekundu, meli nyeupe, povu linalokatika kwenye miamba, kivuli chetu kinavyokimbia juu ya maji na kupanda ufukweni bila kujikwaa. Sijui ni wapi Kiingereza kilinitoka nikawa nasema kwa Kiswahili. Nilipogundua nikanyamaza kwa aibu.

Bi Noreen alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, amefumba macho, anatabasamu.

"Usiache," akasema.