Nyimbo za Kiingereza za Kuvukia Bonde

Siku yangu ya kwanza kazini Mloka, Mwalimu Mkuu alinikabidhi boksi la chaki, ufunguo wa stoo isiyokuwa na kitu, na agizo moja.

"Choo kile kule, Mwalimu. Ukienda, piga makofi njia nzima. Nyati hapendi kushtuliwa."

Nilicheka, nikidhani ndivyo wageni wanavyokaribishwa. Yeye hakucheka. Mimi ni mzaliwa wa Mtunda, humu humu Rufiji, na nilidhani Rufiji naijua. Jioni hiyo nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha, na choo chenyewe nikakiahirisha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu tena. Kibiti ungeweza kununua redio kaseti, mitumba, hata sabuni ya kuchagua harufu. Vitabu vya Kiingereza ndivyo havikuwa vimepata habari kwamba milango imefunguliwa. Darasa la sita lilikuwa na kitabu kimoja, kurasa za katikati zimeliwa na mchwa. Nikaenda kwa Bwana Jayanti, mwenye duka pale Kibiti, nikarudi na redio, betri, na kanda moja ya nyimbo za mapenzi za Ulaya.

Kazi ilikwenda hivi. Jumapili nilisikiliza mstari, nikasimamisha, nikaandika, nikarudisha nyuma. Jumatatu mstari ulikuwa ubaoni: tunausoma, tunatafuta kitenzi, tunaulizana jambo limetendeka jana au litatendeka kesho, kisha tunaimba. Katika azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula mzima, niliandika "masimulizi ya sauti", kwa sababu neno muziki lingeniponza. Wimbo tulioupenda kuliko yote ulikuwa wa kijana anayemsihi mpenzi wake asiondoke. Ulikuwa na kila kitu, ukanushi, amri, wakati ujao. Tatizo ni kwamba redio ilikuwa imeitafuna kanda katikati, na mstari mmoja haukusikika kabisa. Sikuthubutu kuwabunia Waingereza Kiingereza chao. Nikaacha nafasi tupu ubaoni, nikawaambia watoto hapo tunyamaze, halafu tuendelee. Walinyamaza kwa utii ambao sikuuona tena katika utumishi wangu.

Mwalimu Mkuu akatokea dirishani. "Mwalimu, hii ni shule au dansi?"

"Ni sarufi, Mkuu."

"Sarufi inayokata viuno?"

Kweli, dawati la nyuma lilikuwa linakata viuno. Akapiga marufuku.

Marufuku ilidumu mpaka simba alipomchukua mtu kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambako watu hulala wakilinda mpunga. Baada ya mazishi, kijiji kizima kilianza kuongea kwa sauti ya chini mchana kweupe. Watoto wa kitongoji cha ng'ambo walikuwa wakirudi kwao kwa njia ya bondeni, katikati ya matete yaliyowapita urefu, na wazazi wao walitaka kuwaachisha shule. Kikao kikaamua watembee pamoja, Mzee Mketo, babu wa mwanafunzi wangu Asha, awe mbele na debe la kugonga, na wote wapige kelele.

Mkuu akanivuta kando. "Wanajua wimbo gani mrefu?"

"Ule ulioukataza."

"Basi waimbe. Ila andika ni mazoezi ya viungo."

Kila alasiri nilisimama nyuma ya darasa nikisikiliza kundi la watoto likimsihi mtu kwa Kiingereza asiondoke, lenyewe likiondoka. Sauti ilishuka bondeni, ikafika kwenye ile nafasi tupu, ikakatika. Nilijua kwa nini imekatika, maana mimi ndiye niliyewafundisha, na bado kila siku sikuondoka pale mpaka sauti iliporudi. Nikamwagiza dereva wa lori aniletee kanda nyingine kutoka Kibiti, nzima, nizibe lile pengo.

Kabla kanda haijafika, siku moja sauti ilikatika, haikurudi.

Mkuu alitoka ofisini. "Si kile kimya chao?"

"Ndicho, Mkuu. Ila kimepita urefu wake."

Alinyakua kengele ya shule. Mimi nikanyakua kilichokuwa karibu, rula ya ubaoni, nikakimbia nayo kana kwamba nitampima mnyama. Njia nzima nilikuwa nawataja watoto majina kimoyomoyo, kama ninavyoita mahudhurio, na kila jina nikilijibia mwenyewe.

Tuliwakuta wamesimama katikati ya njia, hakuna anayepumua kwa sauti. Asha alikuwa amenyoosha mkono juu, kama darasani anapoomba kusema. Mbele yao matete yalitikisika mahali pamoja tu, na upepo haukuwapo. Mkuu akaushika ulimi wa kengele kwa vidole. Akatoka tembo jike, ndama ubavuni, akavuka njia pale ambapo hatua chache zaidi zingewafikisha watoto. Alisimama, akatugeuzia masikio. Kisha akaingia upande wa pili.

Mzee Mketo akakaa chini, debe mapajani.

"Mzee, wewe ndiye uliyemsikia?" nikamuuliza.

"Mie? Mie nilikuwa naimba, mwanangu."

"Nilisikia tawi, Mwalimu," Asha akasema, mkono bado juu. "Pale tuliponyamaza. Tukiimba sisikii kitu."

Kanda mpya ilipofika, Mzee Mketo alikuja shuleni kabla sijaifungua.

"Nasikia umeleta maneno yaliyobaki."

"Ndiyo, mzee. Mstari wote umo."

"Wasomeshe humu ndani. Njiani tuachie pa kusikilizia."

Kuanzia hapo kila wimbo niliofundisha Mloka niliutoboa kwa makusudi. Mkaguzi wa shule aliuliza kwa nini watoto wanakwama katikati ya sentensi. "Wanatafakari," Mkuu akamjibu, na mkaguzi akatusifu kwa maandishi.

Nilihamishiwa Mtunda, kisha Kibiti, kisha nikaenda chuo kikuu kusomea mbinu za kufundishia lugha. Sikukuta sura yoyote inayohusu tembo. Sasa nimestaafu kwa hiari, naishi Kibiti. Vijana wanaoanza kazi huniuliza kama nyimbo kweli zinafundisha sarufi. Zinafundisha. Lakini jioni watoto wa jirani wanapopita nyuma ya nyumba yangu wakiimba Kiingereza kilichovunjika kila kiungo, siwasahihishi. Nasimama mlangoni mpaka nisikie geti la kwao likifungwa.