Aliyekuja Kubeba Magazeti Siku ya Sabato

Tulikuwa watu watano nyumbani siku ile, na nawataja wote msije mkasema bibi anatunga. Alikuwepo baba mdogo Elinaja, anayemfuata baba yangu mzazi. Alikuwepo mkewe, mama mdogo Nakunda, mimba yake imefika mwezi wa tisa. Alikuwepo bibi yangu Namsifu, mama yake Elinaja, mkunga aliyepokea watoto wa mlima mzima. Alikuwepo mzee Shabani, fundi cherehani wa Same, rafiki wa Elinaja tangu ujana wao. Na mimi, binti wa miaka kumi na miwili, niliyeletwa pale kumchotea mama mdogo maji. Wa sita mtamjua akifika.

Jambo hili ni la kweli. Sikusimuliwa. Mikono yangu hii ndiyo iliyompa mzigo. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mwandiko mtanivumilia, lakini jina la mtu mimi silisahau.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita vya Hitla vimeshakwisha. Baba mdogo alikuwa amefanya kazi stesheni ya Same, kazi ya kupaka mafuta magurudumu ya vichwa vya treni. Karani wa pale alikuwa Mgoa mmoja, Mhindi Mkatoliki, jina lake Fransisi. Na huyu Karani, pamoja na baba mdogo na Shabani, waliugua ugonjwa mmoja: kutengeneza treni ndogo na ndege ndogo. Si vya watoto, jamani. Mtoto akivigusa alikula kofi. Mabehewa ya bati la debe, magurudumu ya vifuniko vya makopo ya rangi ya viatu, ndege za mti wa mringaringa zilizopigwa msasa mpaka ziteleze kama kokwa. Watu wazima watatu, wamepiga magoti sakafuni, wanazozana juu ya msumari.

Lakini juma lao lilikuwa na siku nne tu. Ijumaa Shabani hashiki sindano wala nyundo. Jumamosi ni Sabato, na sisi ni Wasabato, kwa hiyo baba mdogo hatikisi hata kopo. Jumapili Karani anavaa shati jeupe, anakaa barazani, ukimwonyesha gurudumu anageuza uso. Basi walikuwa wakikutana Jumatatu hadi Alhamisi, na walikuwa wakichekana sana kwa hilo.

Karani akafa kwa homa, akazikwa huko huko Same. Kabla hajakata roho alisema karatasi zake wapewe wenzake wawili. Vilikuwa vitabu na magazeti ya Ulaya aliyokuwa akiletewa kwa posta miaka na miaka, yote yamejaa michoro ya treni na ndege na meli. Shabani akachukua kidogo. Baba mdogo akaacha kazi akarudi mlimani kwetu, upande wa Suji, na akayapandisha magazeti yale kwa mabega ya watu kutoka Makanya. Safari saba. Yakajaa chumba cha ndani mpaka juu.

Mtauliza, alikuwa anajua Kizungu? Hata neno moja. Shabani naye alisoma Kiarabu cha chuoni tu. Walisoma picha. Baba mdogo alichukua karatasi aliyoipaka mafuta mpaka ikaangaza, akailaza juu ya mchoro, akaufuata kwa penseli, kisha akakata bati kwa kufuata penseli. Kwa njia hiyo alitengeneza kichwa kimoja cha treni cha bati na shaba, cha kuchemsha maji kwa kibatari cha spiriti. Kilichemka vizuri. Kilipiga mluzi. Kilitetemeka kama mwenye homa. Ila kwenda, hakikwenda. Miaka miwili hakikwenda.

Sasa sikilizeni. Mama mdogo Nakunda alikaa miaka sita kwenye ndoa bila mtoto, na mimba hii ndiyo ya kwanza. Kwetu mzazi hukaa ndani, miezi mitatu, kando ya moto usiozimika, maana baridi ya mlimani humla mtoto mchanga. Na chumba cha ndani ni kipi? Ni kile cha magazeti. Utawasha moto katikati ya karatasi?

Mama mdogo alianza kusema tangu mimba ina miezi mitano. Baba mdogo akaitikia vizuri kabisa. Akatoa magazeti, akayagawa mafungu mawili sebuleni: ya kuondoka na ya kubaki. Nilikuwepo. Asubuhi fungu la kuondoka lilikuwa kubwa. Akachukua moja, akalifungua, akasema, "Aa, hili lina daraja." Likahamia la kubaki. Jingine, "Hili lina propela." Jua linazama, fungu la kuondoka lina gazeti moja, na hilo nalo akalikalia.

Ndipo akaitwa Shabani aje amtie moyo. Alipanda Alhamisi. Tukamwona akitokea kwenye migomba na gunia kubwa kichwani, anatweta. Mama mdogo akampokea kwa furaha.

"Shikamoo mzee Shabani. Umetuletea nini?"

"Marahaba, mama. Ni yale ya kwangu," akasema, akilitua gunia polepole. "Mke wangu amesema yatoke leo au atoke yeye. Nikasema kwa Elinaja nafasi ipo."

Mama mdogo akamgeuzia mgongo. Aliingia jikoni, tukasikia sufuria zikigongana.

Basi Ijumaa ikapita, Shabani hagusi kitu. Jua likazama, Sabato ikaingia, baba mdogo naye hagusi kitu. Na Jumamosi saa tano hivi, tumetoka kanisani, uchungu ukamshika Nakunda.

Bibi Namsifu alifungua mlango wa chumba cha ndani, akatazama, akatoka nje walipoketi wanaume.

"Elinaja. Toa takataka zako, mkeo alale."

"Mama, leo ni Sabato."

"Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, hutamtoa?"

"Nitamtoa."

"Mkeo ni mdogo kuliko ng'ombe?"

Baba mdogo akainuka. Akaenda mpaka mlangoni, akainua magazeti mawili, na machozi yakamtoka, mtu mzima. Akarudi akaketi. Shabani akamshika bega. "Mimi ningetoa," akasema, "lakini mali ya marehemu aliyopewa mtu mwingine, nitaigusaje?" Ni waoga tu, wote wawili. Niaminini, Sabato ilikuwa kisingizio.

Ndani mama mdogo akapiga ukelele. "Mwambieni huyo mwanaume nikifa anizike kwa hayo magazeti."

Bibi akanigeukia. "Wewe binti, anza kutoa. Weka kule nyuma, bandani kwa mbuzi. Haraka."

Wakati ule ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa mchana, mzito, unaingia mpaka puani. Nilibeba fungu la kwanza nikazunguka nyuma ya nyumba, siuoni hata mgomba ulio mbele yangu. Pale mlangoni pa banda palikuwa na mtu.

Alivaa kaki, mikono ya shati imekunjwa, mafuta meusi hadi kwenye viwiko. Nikadhani ni jirani aliyesikia ukelele. Nikasema, "Shikamoo." Hakuitikia. Kwetu mtu mzima asiyeitikia shikamoo ni mawili: ana kiburi, au hakuisikia kwa sababu hayupo. Mimi nilifikiria kiburi. Akanyoosha mikono.

"Lete, mtoto. Taratibu, hilo limechoka mgongo."

Akalipokea kama mtu anavyopokea mtoto mchanga. Kidole chake kiligusa gumba langu la kulia, na kilikuwa baridi, baridi ya chuma asubuhi. Nikarudi mbio. Nikaleta la pili, akapokea. La tatu, la kumi. Mbuzi walikuwa wamejibana ukutani, hakuna aliyelia. Na yeye alikuwa akiongea peke yake, kwa furaha, kila gazeti analinusa kwanza kabla ya kuliweka. "Hili lilifika limelowa. Hili nilisoma usiku kucha." Halafu akaniuliza, "Shabani bado anakata bawa la kushoto fupi?"

Nikasema sijui. Akacheka. "Bado. Huyo hata suruali anashona hivyo hivyo."

Je, niliogopa? Hapana. Nitawadanganya kwa nini? Nilifurahi. Mzigo wa watu wanne tuliumaliza wawili, na kila nikirudi ndani nikaona sakafu inaongezeka, nikakimbia zaidi. Nilikuwa kama nacheza. Bibi alishaanza kufagia na kupanga kuni nyuma yangu.

Nikachoka kidogo, nikamwambia, "Yaliyobaki tumalizie kesho, baba. Nafasi ya kulala imeshapatikana."

"Tumalize leo," akasema. "Kesho siwezi. Kesho ni Jumapili."

Tukamaliza. Nilipoleta la mwisho, akatoa gazeti moja kati ya yote, akalibana kwapani mwangu. "Hili la Elinaja. Mwambie karatasi ya mafuta aliigeuza. Mkono wa kusukuma magurudumu, wa kushoto ameuweka kulia. Mengine nakwenda nayo, yeye amechoka kuyalinda."

Ndani moto ukashika, nikasikia kuni zinalia. Nikageuka kutazama moshi. Nilipogeuka tena, banda lilikuwa na mbuzi tu. Hakuna mtu. Hakuna gazeti. Sakafu ya samadi laini, ina kwato na nyayo zangu mimi, basi. Na palinuka moshi wa makaa ya mawe, na sisi huko mlimani tulichoma kuni tu.

Hapo mtoto akalia.

Wanaume walikuja nyuma mbio, wanacheka, wanapongezana. Baba mdogo akaona banda. Kicheko kikakatika.

"Magazeti yako wapi?"

"Amechukua yule aliyenisaidia."

"Nani?"

Nikawaeleza. Kaki, mafuta, bawa la kushoto. Shabani akawa ananitazama mdomo. Nikasema nilitaka tuache mengine ya kesho, akakataa.

"Alikataa kwa nini?" Shabani akauliza.

"Alisema kesho ni Jumapili."

Shabani akaketi pale pale kwenye nyasi zilizolowa. "Elinaja," akasema, "katika kitongoji hiki nani halimi Jumapili?"

Nanyi jiulizeni. Sisi wote tulikuwa Wasabato. Jumapili mlima mzima uko shambani, utasikia majembe tangu alfajiri. Hakuna mtu wa kwetu ambaye Jumapili ingemzuia kubeba mzigo. Baba mdogo alijibu kwa sauti ndogo, "Ni mmoja tu tuliyemjua," na hakumtaja.

Jumapili hawakugusa kitu, wala yeye wala Shabani. Jumatatu baba mdogo akafungua gazeti lile moja. Lilikuwa ndilo lenye mchoro wa kichwa chake. Akailaza karatasi ya mafuta juu yake, haikulingana. Akaipindua, ikalingana. Miaka miwili alikuwa amekata bati kwa upande wa nyuma wa karatasi, mvuke ukawa unasukuma mbele na kuzuia hapo hapo. Akabadilisha vipande viwili, akawasha spiriti, na kile kichwa kikaondoka mezani, kikaanguka, kikaendelea kuzungusha magurudumu kikiwa chali. Shabani alikifukuza kwa magoti. Mama mdogo alikuwa akicheka huko ndani mpaka Bibi akamwonya asije akajiumiza.

Mtoto alikuwa wa kike. Baba mdogo akamwita Fransiska. Wazee wa kanisa walimuuliza jina hilo la Kikatoliki amelitoa wapi, akawajibu, "Aliyetoa chumba ndiye aliyetoa jina." Fransiska yu hai mpaka leo, ana wajukuu, anaishi Same, na chumba kile alikaa na mama yake miezi mitatu bila hata kikohozi.

Magazeti? Shabani alitafuta kila duka la Same na Makanya. Mnajua karatasi ikiuzwa huwa inaonekana, muuza sukari anafungia, muuza ugoro anafungia. Hata kifurushi kimoja cha ugoro hakikuonekana na picha ya treni. Na gumba langu la kulia, pale aliponigusa, halisikii moto. Kaka zangu walilijaribu kwa kaa la moto, wajinga wale. Mpaka leo natumia gumba hilo kugeuzia chapati, na wajukuu wanakimbia.

Sasa nawaambia ninyi mnaolundika. Najua mpo, nimewaona, wa magazeti na wa vitabu na wa vyuma. Gawa mwenyewe ungali na mikono. Usingoje mwenye mali aje kujibebea, maana anaweza kuja siku usiyomtazamia, na si kila mmoja atakuja anacheka. Na ukimpata msaidizi kwenye ukungu, ukamwamkia asiitikie, usimuulize jina. Mpe mzigo mmalize.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Kama yupo wa Same au wa mlimani aliyesikia haya kwa Shabani au kwa watoto wake, na nimekosea jina, au safari zilikuwa nane na si saba, tafadhali anisahihishe. Sitakasirika.