Kikapu Kilichofutwa

Mtafiti wa muziki akifika kwetu Kashikishi, kwanza hupuliza mchanga kwenye kinasa sauti chake. Tukianza kuimba, hugonga goti kwa kidole kimoja, akihesabu mapigo. Makala yake kuhusu nyimbo zetu, sisi wanawake tunaoanika chisense, wale samaki wadogo wa ziwa, inafundishwa vyuoni. Kila mwanafunzi anayetumwa huku hutuambia kwamba nyimbo zetu hazina ngoma, na sisi tumechoka kubisha. Jana alituwekea rekodi yake ya zamani, aliyoifuta kelele zote. Mama Emilienne, mzaliwa wa ng’ambo ya ziwa, anayeimba humo, aliisikiliza hadi mwisho, kisha akainua kikapu cha samaki, akakipiga kwa kiganja mara tatu, kama tupigavyo tukiimba, mchanga ukamwagika.

“Mwalimu, ile kelele ulifutaka njo ngoma yetu.”

Kidole cha mtafiti kikatulia gotini. Akatoa makala yake mkobani, akakata kwa kalamu nyekundu kichwa cha makala, halafu ukurasa wa pili, na wa tatu.

“Wote walioinukuu nitawaandikia, mmoja mmoja,” alisema. Akanyoosha mikono. “Nifundishe kupiga.”

Emilienne akampa kikapu.

“Piga nguvu. Muchanga ukibakia, batu batautafuna.”